Shajara ya mradi: tunafuata pesa ndogondogo za Idara, hapa Gulu

Agosti 2025, wiki ya kwanza

Tumeanza jana jioni, nyuma ya duka la fotokopi karibu na Soko Kuu. Tuko watano: mzee mhasibu mstaafu, dada mwenye duka, wanafunzi wawili wa chuo, na mimi niliyekuwa mwalimu wa praimari. Tunaongea Kiswahili manake mzee ametoka Arua, dada ni wa Lira, mwanafunzi mmoja ni wa Busia na mimi nimekulia kambi ya jeshi ambako Kiswahili ndo lugha tuliyochezea, kwa hiyo na shajara naiandika hivyo hivyo.

Kazi ni hii: kuna Idara moja ya serikali kuu yenye ofisi ya kanda hapa mjini, jina siliandiki mpaka wapate nafasi ya kutujibu, na sisi tunataka kujua pesa yake ya uendeshaji ya mwaka wa fedha 2024/25 ilienda wapi, yaani ile ya kuanzia tarehe 1 Julai 2024 mpaka 30 Juni 2025. Majengo na matenda makubwa hatuyagusi. Tunafuata mafuta, chai, posho za safari, warsha, karatasi, airtime. Watu wengi tuliowaambia wamesema mbona mnahangaika na chai wakati kuna mabilioni huko juu, na mi nawaelewa, bajeti ya taifa mwaka ule ilikuwa trilioni 72.1, mtu akisikia hiyo namba anachoka kabla hajaanza kuuliza. Lakini bilioni zina watu wengi wanaoziangalia, wabunge, wafadhili, magazeti. Mafuta ya pikapu moja ya Gulu nani anayaangalia?

Halafu sisi wa kaskazini tuna kidonda chetu. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu alionyesha kwamba shilingi kama bilioni 50 za wafadhili, za mpango wa kujenga upya kaskazini baada ya vita, zilipotoka njia zikiwa mle mle Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, Norway, Denmark na Sweden walikuwa wametoa pesa ile, misaada ikasimamishwa, Ireland ikarudishiwa euro milioni 4. Mhasibu mmoja wa ofisi ile, Geoffrey Kazinda, akahukumiwa 2013 na kesi yake ilihusu pia kughushi sahihi. Mimi wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la watoto 110 kwenye chumba kisicho na mlango. Sijasahau.

Agosti, wiki ya pili

Leo ilikuwa darasa la mzee. Alileta daftari la zamani akatuandikia namba za vifungu vya matumizi ya bajeti, na akasema tuzishike kichwani kama namba za simu za wazazi wetu: 227001 ni safari za ndani ya nchi, 227004 mafuta na vilainishi, 221002 warsha, mikutano na semina, 221009 ustawi na burudani, ambayo kwa lugha yetu ndo chai na chakula cha wageni, na 221011 uchapaji, karatasi na fotokopi. Namba hizi ni zile zile kwa wizara zote, kwa hiyo ukishazijua unaweza kusoma kitabu cha ofisi yoyote.

Akatufundisha pia neno la wakaguzi, malipo kuwekwa kwenye kifungu kisicho chake. Mfano Bunge limepitisha pesa ya warsha, ofisi ikaitoa kama warsha lakini ikalipia kitu kingine kabisa. "Wanangu, pesa ikishahama kifungu, hata kama haijaibiwa, hesabu zenu zote ni uongo," ndo alivyosema, na nimeandika kama alivyosema.

Tumepoteza nusu saa kwenye neno posho. Hapa kwetu posho ni ugali, kile chakula cha shule na cha kambi, lakini kwenye Kiswahili cha Tanzania na cha maofisini posho ni hela ya mtumishi akiwa safarini. Tumekubaliana kwenye karatasi zetu tutaandika "posho ya safari" kwa kirefu. Nasema hivi kwa sababu nusu ya kazi yetu ni tafsiri: Katiba ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili lakini vocha (hati za malipo), fomu na ripoti zote tunazogusa ni Kiingereza, na tukienda kumwonyesha mama wa sokoni lazima tuwe tumeshakigeuza.

Agosti, wiki ya tatu

Barua imeenda. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, isipokuwa mambo ya usalama wa nchi na faragha ya watu, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inasema ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya siku zikapita, inahesabika imekukatalia, na unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Kuna ada ya shilingi 20,000 kwenye kanuni, tumechanga 4,000 kila mmoja.

Tulianza vibaya kidogo kwa sababu barua tuliipeleka ofisi ya kanda hapa Gulu, karani akatuambia kwa heshima kabisa kwamba yeye hana mamlaka, anayehusika kisheria na taarifa ni mkuu wa taasisi, na mkuu yuko Kampala. Basi mwanafunzi mmoja akapanda basi la usiku. Nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe inasomeka vizuri. Bila muhuri huna barua, hilo kila Mganda aliyewahi kukanyaga ofisi analijua.

Tuliomba vitu vinne tu: daftari la matumizi kwa vifungu vitano, vocha zake, ripoti za shughuli, na vitabu vya safari vya magari. Mwanzoni tulitaka kuomba kila kitu mzee akakataa, akasema ukiomba ghala lote wanakupa sababu ya kukunyima.

Septemba, tunangoja

Hatukukaa bure. Kwenye tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha kuna ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kila taasisi ilipewa kiasi gani na ikatumia kiasi gani, mtu yeyote anaweza kupakua. Tumechukua robo zote nne tukaziweka kwenye eksel. Kitu cha kwanza kilichotutoa macho ni robo ya nne, Aprili mpaka Juni. Safari za ndani na warsha zinatembea taratibu mwaka mzima halafu zinaruka. Mzee hakushangaa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka pesa isiyotumika mwaka ukiisha irudi mfuko mkuu, kwa hiyo ikifika Mei ofisi zinakimbia. Kukimbia siyo kosa, pesa nyingine inachelewa kutoka Kampala kweli. Ila warsha tano ndani ya wiki moja kwa wafanyakazi wale wale ni jambo la kuuliza.

Kijana wa Busia aliuliza swali zuri, kwamba je, raia kuangalia tu kunabadilisha nini. Nikamwambia habari ya shule zetu wenyewe. Utafiti uliofanywa 1996 kwenye shule 250 za msingi hapa Uganda, na matokeo yake yakaandikwa na Ritva Reinikka na Jakob Svensson, ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule kwa wastani zilifikiwa na asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali ilikuwa imetoa kwa matumizi yasiyo mishahara. Asilimia 13! Ile nyingine iliishia njiani, wilayani. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imepelekewa shilingi ngapi, shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea, na kufika 2001 kiwango kikapanda zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine yaliyokuwa yanaendelea, sawa wabishane, lakini mimi nimefundisha kwenye shule ya namna ile na najua mwalimu mkuu anavyokaa kitini akijua wazazi wameshasoma namba.

Kijana akasema basi na sisi tubandike. Tutabandika.

Septemba, siku ya 21 na zilizofuata

Siku ya 21 imepita, kimya. Tumeandika barua ya pili ya kukumbusha, ya heshima, tukataja Hakimu Mkuu kwa mstari mmoja. Siku nane baadaye simu ikalia. Njooni mchukue.

Tumepata boksi moja. Vocha za vifungu vitatu kati ya vitano, kitabu cha gari moja kati ya mawili, ripoti za shughuli chache. Vilivyobaki "vinatafutwa". Dada wa fotokopi amefunga duka siku mbili ili atoe nakala, na hakutaka alipwe hata wino. Naandika hilo hapa lijulikane.

Oktoba, mafuta

Hapa tulikosea na lazima niseme tulivyokosea.

Njia yetu ilikuwa rahisi. Gulu mpaka Kampala ni takriban kilomita 340, kwenda na kurudi 680, pikapu ya dizeli tukaipa lita moja kwa kilomita 10, hiyo ni lita 68, ongeza za kuzunguka mjini, weka 85. Vocha yoyote ya Kampala yenye mafuta zaidi ya hapo tukaipiga alama nyekundu. Zikatoka nyekundu nyingi, nyingi zaidi Oktoba na Novemba 2024, zimefuatana kabisa, na vijana wakaanza kushangilia kwamba tumewakamata, mmoja alikuwa tayari ameandika posti.

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Daraja la Karuma lilikuwa wazi?"

Halikuwa wazi. Septemba 2024 lilifungwa kwa magari yote ili litengenezwe, lile daraja la tangu 1963, na sisi wote tuliteseka, bei za vitu zilipanda sokoni hapa hapa mtaani kwetu. Mtu wa Gulu wa kwenda Kampala alilazimika kushuka mpaka Pakwach, apite Paraa ndani ya mbuga, atokee Masindi, au azungukie Lira, Soroti na Mbale. Dereva aliyeandika mafuta mengi miezi ile aliandika ukweli, na sisi wakazi wa hapa hapa tulikuwa tunataka kumtangaza mwizi. Tumefuta alama zote za kipindi kile. Tumeweka sheria kwamba hakuna karatasi inayoitwa mbaya mpaka watu wawili wameitafutia sababu nzuri wakaikosa.

Baada ya kufuta hizo, zilibaki vocha chache ambazo daraja haliwezi kuzieleza. Mbili kati ya hizo: gari hilo hilo, namba hiyo hiyo ya UG (ya gari la serikali), siku hiyo hiyo limejazwa mafuta ya kwenda Kampala na pia mafuta ya kwenda Kitgum. Hiyo tumeitafutia sababu nzuri wiki nzima.

Oktoba, warsha na chai

Kifungu cha 221009 kilitupeleka kwa mama mmoja anayepikia mikutano. Tulimkuta anachambua mboga za malakwang, tukamsalimia, tukamwonyesha nakala ya risiti yenye jina la biashara yake, ya chakula cha mchana cha watu 60. Akaiangalia muda mrefu. Alisema siku ile alipikia watu 25, anakumbuka kwa sababu kuku hawakutosha na alimtuma mwanae kununua wengine wawili, na mwandiko wa kwenye risiti sio wake. Akaeleza kwamba akipeleka chakula anaambiwa aache kurasa tatu nne za kitabu cha risiti zikiwa tupu zimegongwa muhuri, akikataa kazi inaenda kwa mwingine. Na hela ya wale 25 alilipwa baada ya miezi mitano.

"Mwalimu, mimi nina watoto wanne, ungekuwa wewe ungekataa?"

Sikumjibu, sikuwa na jibu. Jina lake na la biashara yake tumeviondoa kwenye nakala zetu zote, hata ile ya kwenye komputa.

Hili ndo jambo ambalo mkaguzi wa kutoka Kampala hawezi kulipata kirahisi. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu inakagua nchi nzima na inatakiwa kupeleka ripoti Bungeni kabla Desemba haijaisha. Wanachukua sampuli, wanakuta risiti ipo, muhuri upo, orodha ya mahudhurio ipo, wanasonga mbele. Karatasi imekamilika. Sisi tunaokaa hapa ndo tunajua ukumbi ule ulikuwa na msiba siku ile, au kuku walikuwa wangapi.

Novemba, sahihi

Nimechelewa kuandika kwa sababu sehemu hii imenikalia rohoni.

Posho za safari zinalipwa kwa orodha. Jina, cheo, siku ngapi, kiasi, sahihi. Tulipanga orodha zote mezani tukaanza kulinganisha sahihi, siyo za wakubwa, za wadogo: madereva, walinzi, mtu wa usafi, karani. Dada wa fotokopi ana jicho, yeye kila siku anaona vitambulisho na fomu za watu, ndiye aliyesema hizi za chini zimeandikwa na kalamu moja na mkono mmoja. Tukazikuza. Herufi ya kwanza inapinda vile vile kwenye majina manne.

Tulikwenda kuongea na watu taratibu, mmoja mmoja, nyumbani kwao, kamwe siyo ofisini. Nitaeleza la mmoja tu ambaye mkataba wake uliisha Juni na ametupa ruhusa. Alikuwa dereva. Kwenye orodha anaonekana amelala nje siku 41 kwa mwaka. Anasema alilala nje siku nyingi kuliko hizo, lakini kwenye orodha ambazo sisi tunazo hakuna safari hata moja anayoikumbuka hivyo, na safari alizoenda kweli, za vijijini Lamwo na Agago ambako alilala ndani ya gari, alipewa nusu mkononi na kuambiwa nyingine itakuja. Hakusaini popote. Yaani jina lake lilitumika kutoa pesa ya safari ambazo hazikuwepo, na safari zilizokuwepo hazikulipwa sawasawa.

Ndo maana nakataa wanaosema matumizi ya uendeshaji yakatwe tu yote, ni ya kula. Yule dereva ndiye aliyewapeleka wataalamu wa Idara mpaka kijiji ambacho hakuna basi. Bila mafuta na bila posho yake ya safari, mtaalamu anakaa Gulu mjini na kijiji kinakaa bila huduma, na kwenye ripoti ya robo mwaka itaandikwa kimetembelewa. Mimi sitaki hiyo pesa ipungue. Nataka imfikie aliyelala ndani ya gari.

Vijana walitaka tuweke orodha zote mtandaoni usiku ule ule, kama wenzao walivyofanya mwaka 2024 walipoanika karatasi za matumizi ya Bunge. Nawaheshimu wale, walikuwa na ujasiri mkubwa, na waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni Julai ile wengi walikamatwa. Ila hapa kwetu majina yaliyo kwenye karatasi ni ya watu walioibiwa. Ukizianika leo kesho ni mlinzi na mtu wa usafi wanaoitwa kujieleza. Tulibishana mpaka saa nne usiku na mwanafunzi mmoja aliondoka amenuna. Alirudi siku ya tatu.

Desemba

Tumewaandikia Idara maswali 11, kila moja na namba ya vocha, bila majina ya wadogo. Wamejibu manne. Kwa la mafuta ya Kampala na Kitgum siku moja wamesema ni "kosa la kuingiza tarehe", inawezekana, tumeomba kitabu cha gari la pili kithibitishe, ambacho bado kinatafutwa. Kuhusu chai ya watu 60 wamesema risiti ipo. Kuhusu sahihi wamekaa kimya.

Mzee ameandaa maombi ya kwenda kwa Hakimu Mkuu kwa zile karatasi ambazo hazijatolewa. Ameyaandika kwa mkono, kurasa mbili, dada anayachapa. Nakala ya maswali na majibu tumeipeleka pia kwa wakaguzi wa serikali, na muhuri tunao. Ukutani nje ya duka tumebandika karatasi moja kwa Kiswahili na Kiacholi: kifungu, kilichotolewa, kilichotumika, robo kwa robo. Watu wanasimama wanasoma. Jana mzee mmoja wa boda alisoma yote, akauliza warsha ni nini hasa, nikamweleza, akarudi tena kwenye mstari wa Juni akauweka kidole.

Jana jioni yule dereva alikuja bila kuitwa. Alileta kitabu kidogo cha mistari, kimechakaa, kina mafuta ya mikono, alichokuwa anakiweka juu ya kioo cha jua cha gari. Kila safari aliyoenda ameandika mwenyewe, tarehe, alikotoka, alikofika, kilomita za kuanzia na za kumalizia. Nimekifungua kwenye ile siku ya mafuta mawili. Ameandika: Gulu, Kitgum, tumerudi saa mbili usiku, tairi la nyuma limepasuka Acholibur.

Tumeanza kukitoa nakala leo asubuhi.